Kifaransa cha Ofisini, Kiswahili cha Gereji: Wamarekani wa Bujumbura tangu 1871

Kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe ya 25 Novemba 1871. Wageni hupelekwa pale kupiga picha, na aghalabu huambiwa kwamba hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone kwa mara ya kwanza. Sivyo. Wawili hao walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji, na Mugere walilala siku mbili tu wakiwa safarini kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Walikuta unaingia, na matumaini ya kwamba maji ya ziwa hilo yanakwenda Nile kwa njia ya Rusizi yakaishia hapo.

Jiwe hilo linatufaa sisi walimu wa lugha kwa jambo jingine. Stanley alizaliwa Wales, lakini siku hizo alijitambulisha kuwa Mmarekani, alilipwa na gazeti la New York Herald, na msafara wake ulipeperusha bendera ya Marekani. Tukikubali kumhesabu hivyo, huenda yeye ndiye Mmarekani wa kwanza kulala katika nchi iitwayo leo Burundi. Kifaransa hakikumsaidia kitu huku. Msafara wake uliundwa Zanzibar na Bagamoyo, na lugha iliyowaunganisha wapagazi, askari na wafanyabiashara wa Ujiji ilikuwa Kiswahili. Miaka 91 baadaye, nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 na Marekani ikafungua ubalozi Bujumbura, Mmarekani aliyeteremka uwanjani alikuja na Kifaransa. Kiswahili alikikuta jikoni.

Makala haya yanafuatilia mageuzi hayo. Wengi wameandika juu ya Wamarekani wa Burundi kwa upande wa siasa, dini na misaada. Mimi nauliza swali dogo zaidi, ambalo naamini linaihusu idara kama yetu: Mmarekani aliyeishi Bujumbura aliendesha siku yake kwa lugha gani, nani alimfundisha, na lugha ambayo hakufundishwa ilimficha nini?

Hapana budi tuanze na namna Kifaransa kilivyopata kiti cha mbele. Wajerumani, waliokuwa na kambi ya kijeshi Usumbura, walitumia Kiswahili katika utawala wa Afrika Mashariki yao yote. Wabelgiji walioingia mwaka 1916 walikuwa na mpango mwingine: Kirundi kwa shule za chini, Kifaransa kwa shule za juu na ofisi. Kiswahili kikabaki bila darasa. Kilibaki na mitaa, hasa Buyenzi, uliojulikana zamani kama kijiji cha Waswahili, na Bwiza uliopakana nao. Huko waliishi wafanyabiashara, mafundi, madereva na wavuvi, wengi wao Waislamu, wengi wao wenye asili ya Kongo na Tanganyika. Mrundi wa milimani akimwita mtu Mswahili, mara nyingi hakuwa anataja lugha yake; alikuwa anasema kwamba huyu ni mjanja wa mjini, umwangalie. Mgeni yeyote hujifunza kutoka kwa wenyeji wake lugha ipi ina heshima na ipi haina. Mmarekani alijifunza somo hilo haraka.

Waliotangulia kukaa walikuwa wamisionari. Mwaka 1934 Arthur Chilson na mkewe Edna, wa kanisa la Marafiki la Kansas, walifika Kibimba na kuanza kazi katika kituo kilichoachwa na wamisionari wa Kijerumani. Chilson hakuwa mgeni wa Afrika Mashariki. Alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Mwaka uliofuata, 1935, John Wesley Haley wa Methodisti Huru, mzaliwa wa Kanada aliyetumwa na kanisa lenye makao Marekani, alianza Muyebe. Hawa na waliowafuata waliishi milimani, na milimani lugha ni Kirundi. Wakajifunza Kirundi kwa bidii ambayo hata leo inastahili heshima. Kwa upande mwingine walihitaji Kifaransa kwa ajili ya mamlaka ya Kibelgiji, kwa hiyo wengi wao walipitia Brussels kukisoma kabla ya kupanda meli. Safari ya Mmarekani kutoka Kansas hadi Gitega kupitia darasa la Ubelgiji inachekesha ukiitazama katika ramani, lakini ndivyo ilivyokuwa, na baadaye tutaona kwamba haijakoma.

Kiswahili walikitumia waliposhuka mjini. Katika miaka ya 1960 na 1970 misheni za Kiprotestanti, Wamarekani wakiwa mstari wa mbele, ziliendesha hapa Bujumbura kituo cha redio kilichoitwa CORDAC. Kilitangaza kwa Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza. Naona jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyopewa. Mhandisi wa redio hana nafasi ya kudharau lugha: mawimbi yake yanavuka ziwa hadi Uvira na Kigoma, na huko msikilizaji hangoji Kifaransa. Mmarekani yule yule aliyeona Kiswahili hakina umuhimu wa kutafutiwa mwalimu nyumbani kwake alikubali kwamba bila Kiswahili redio yake ingekuwa na masikio nusu.

Wanadiplomasia walikuwa watu wa namna nyingine. Hawa walikaa mjini, walihamishwa baada ya miaka miwili au mitatu, na kazi yao ilikuwa katika wizara, ambako kila kitu kiliandikwa kwa Kifaransa. Lakini isidhaniwe kwamba serikali yao haikufikiria lugha za wenyeji. Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kilitoa kozi ya Kiswahili mwaka 1963, na mwaka 1965, miaka mitatu tu baada ya uhuru, kikatoa kozi ya msingi ya Kirundi. Aliyesimamia kazi zote mbili ni Earl Stevick, jina linalofahamika kwa wenzetu wa mbinu za ufundishaji. Ndiye aliyependekeza somo dogo linalozunguka swali moja na majibu yake machache, mwanafunzi akaanza kuuliza jambo la kweli tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo Washington kulikuwa na Kirundi kwa ajili ya Burundi, na Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika na Kenya. Mji wenye Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja haukutoshea katika kabati lolote kati ya hayo.

Miaka ya mwanzo ya ubalozi huo haikuwa ya utulivu. Bujumbura ya 1964 ilikuwa dirisha la kutazamia vita vya Kongo, na balozi za Marekani na Uchina zilichungana usiku na mchana. Mwezi Mei mwaka huo ofisa kijana wa ubalozi wa Uchina, Tung Chi-p'ing, alikimbilia ubalozi wa Marekani mara tu baada ya kufika mjini. Tarehe 15 Januari 1965 waziri mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa kwa risasi akitoka hospitali, na aliyekamatwa alikuwa mkimbizi wa Kinyarwanda aliyeajiriwa katika ubalozi wa Marekani. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1966, balozi Donald Dumont alitakiwa aondoke nchini. Katika hali kama hiyo ofisa wa ubalozi hakai kibarazani Buyenzi akinywa kahawa na kujifunza ngeli. Hilo tulikubali.

Sasa tuingie nyumbani, maana ndipo lugha inapoishi. Tumchukue Mmarekani wa miaka ya 1970, mume au mke, anayekaa Rohero au juu Kiriri penye upepo. Asubuhi lango linafunguliwa na zamu. Neno hili peke yake ni somo. Katika Kiswahili sanifu zamu ni nafasi ya mtu kufanya kazi kwa kupokezana. Hapa kwetu, na kwa jirani zetu wa Rwanda na Kivu, zamu ni mlinzi mwenyewe, mwenye koti na tochi. Wageni walilichukua neno hilo wakalitia katika Kifaransa chao, na Wamarekani wakalitia katika Kiingereza chao, bila kujua kwamba wamesema Kiswahili. Ndivyo pia walivyojiita muzungu kwa kujitania. Mtu angeweza kukaa miaka mitatu akitumia maneno kumi ya Kiswahili kila siku na akaondoka akiamini kwamba hajui hata moja.

Kisha kuna saa. Bibi mwenye nyumba anamwambia mpishi kwa Kifaransa kwamba wageni watakula saa saba jioni, kwa kuhesabu kwake. Kifaransa cha mpishi ni cha jikoni, na katika kichwa chake saa hupita kwanza katika Kirundi au Kiswahili. Lugha hizo mbili zinahesabu saa kwa namna moja, tangu kuchomoza kwa jua: saa mbili ni isaha zibiri, na zote ni asubuhi watoto wakiwa wameingia darasani. Saa saba ni mchana wa jua kali. Nyama inaiva saa sita kabla ya wageni. Mpishi mzoefu alijifunza kuhesabu mara mbili, hesabu ya kizungu na hesabu ya kwao, na kazi hiyo ya kutafsiri haikuandikwa katika mkataba wala haikulipwa. Kila mwanafunzi wetu wa kigeni hujikwaa hapo hapo hadi leo, na mimi huwa naanza nacho kipengele hicho kabla ya salamu.

Hata Kifaransa chenyewe kilimgeuka. Mmarekani aliyesoma Kifaransa cha Paris alizoea kusema sabini kwa mzunguko, sitini na kumi, na tisini kuwa ishirini mara nne na kumi. Sokoni Bujumbura alisikia septante na nonante, Kifaransa cha Wabelgiji, na akadhani ni Kirundi. Themanini ikabaki vile vile alivyoisoma, jambo lililozidi kumchanganya. Muuza nyanya, kwa huruma au kwa haraka, angehamia Kiswahili: mia saba, mia tisa. Katika lile soko kuu la katikati ya mji, lililoteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, bei ya kitu kimoja iliweza kutajwa kwa lugha tatu kabla haijakubaliwa, na mnunuzi mwenye lugha moja ndiye aliyelipa zaidi. Hakuna aliyemwonea, alikuwa anakosa sehemu ya mazungumzo ambayo bei ilishukia.

Lakini mahali ninapotaka kukaa kidogo ni katika viwakilishi. Kifaransa kina njia mbili za kumwambia mtu mmoja "wewe": tu kwa mtoto, rafiki na mtu wa nyumbani, na vous kwa anayestahili heshima. Wabelgiji katika makoloni yao walimwita Mwafrika yeyote tu, awe mzee, awe karani, awe padri. Jambo hilo liliuma kiasi kwamba Patrice Lumumba alilitaja hadharani mbele ya mfalme wa Ubelgiji, Leopoldville, tarehe 30 Juni 1960. Sasa anakuja Mmarekani. Katika lugha yake kuna kiwakilishi kimoja tu kwa wote, na katika kitabu chake cha Kifaransa ameambiwa kwamba tu ni dalili ya ukaribu. Kwa moyo mweupe anamwambia tu mpishi mwenye umri wa baba yake, tena anamwita kwa jina lake la ubatizo, kwa sababu kwao hiyo ndiyo namna ya kuonyesha kwamba hakuna bwana na mtumwa. Mpishi anasikia sauti ya zamani. Hasemi kitu. Anajibu, "Ndiyo, Madamu."

Kiswahili kingemwokoa mgeni huyo. Kiswahili hakina tu na vous. Kiambishi u- kinamfaa rais na mtoto. Heshima imewekwa mahali pengine, katika jina unaloanza nalo. Mpishi ni Mzee, au Baba fulani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwanamke anayeuza mukeke ni Mama, na akiwa kijana ni Dada. Katika Buyenzi mtoto aliyelelewa vizuri humwambia mkubwa shikamoo kabla ya neno jingine lolote. Kwa maneno manne au matano, ambayo mwalimu wetu wa mwaka wa kwanza hufundisha kwa saa moja, Mmarekani angeweza kukaa na watu wa nyumbani mwake bila kurithi deni la Wabelgiji. Hakuyapata kwa sababu hakuna aliyeona kwamba yanahitaji mwalimu. Alipewa mwalimu wa Kifaransa, mara tatu kwa juma.

Baadhi walifundishwa na magari. Gari likiharibika, ubalozi ulikuwa na gereji yake, lakini mmisionari na mtu wa kujitegemea walipeleka gari Buyenzi, kwenye zile barabara zenye namba, ambako mafundi hufungua injini juu ya turubai. Huko hakuna Kirundi safi wala Kifaransa safi. Fundi anazungumza Kiswahili cha Bujumbura, chenye iko na hakuna kwa wingi, chenye sauti ya Kongo, na vipuri vyake vina majina ya Kifaransa yaliyovishwa vokali: freni, buji, vitesi. Kitabu cha Dar es Salaam kinasema breki, plagi na gia. Mmarekani aliyewahi kuishi Nairobi au Moshi alishangaa kukuta Kiswahili chake kinaeleweka huku vipuri vyake havieleweki. Nimewahi kumwona mwanafunzi wetu mmoja akisahihisha freni kuwa breki katika insha ya mwenzake kwa wino mwekundu. Kwa mtihani alikuwa sahihi. Kwa gari lililosimama mteremkoni Kiriri, sina hakika.

Mwaka 1972 hauwezi kurukwa. Mashambulizi yalianza tarehe 29 Aprili, Rumonge, Nyanza-Lac na kwingineko, na baada yake yakafuata mauaji ya miezi kadhaa dhidi ya Wahutu, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi wa vyuo na sekondari. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Balozi wa Marekani wakati huo alikuwa Thomas Patrick Melady, aliyeandika baadaye kitabu juu ya miaka hiyo. Aliondoka Bujumbura tarehe 25 Mei kwenda kuwa balozi Uganda, na ubalozi ukabaki mikononi mwa msaidizi wake, Michael Hoyt. Huyu Hoyt alikuwa konseli wa Stanleyville mwaka 1964, akashikwa mateka na Simba kuanzia Agosti hadi alipookolewa tarehe 24 Novemba. Sidhani kama kulikuwa na mwanadiplomasia mwingine wa nchi yake aliyejua zaidi maana ya kukaa mjini huku bunduki zikiamua nani apite.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba ubalozi haukujua kwa sababu haukusikia lugha ya watu. Ushahidi haukubali. Waraka zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kwamba ubalozi ulijua mengi, na mapema. Sehemu kubwa ya habari za milimani ilitoka kwa wamisionari, yaani kwa Wamarekani na Wazungu wengine waliojua Kirundi na waliowaona wanafunzi wao wakipakiwa katika malori. Marekani wakati huo ndiyo iliyokuwa ikinunua takriban asilimia 80 ya kahawa ya Burundi, na mwaka 1973 ripoti ya Wamarekani wenyewe, iliyotolewa na taasisi ya Carnegie, ililaumu serikali yao kwa kupita kando. Tatizo halikuwa la msamiati.

Hata hivyo kuna jambo linalohusu lugha, nalo ni la nyumba ile ile ya Rohero. Katika majuma hayo, watu wa jikoni na wa langoni walikuwa wakiambiana kwa Kirundi na Kiswahili nani hakurudi jana. Waliokuwa mezani walizungumza juu ya matukio kwa Kifaransa, lugha ambayo wizara ilikuwa imeyapa majina tayari. Neno lililotumika rasmi, matukio, lilikuwa la Kifaransa kabla halijawa la mtu mwingine. Chumba kimoja kilikuwa na hofu, cha pili kilikuwa na taarifa, na mlango kati yao ulipitisha sahani tu. Waliopata bahati ya kuufungua mlango huo walikuwa wale waliokaa muda mrefu, wenye lugha.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka. Katika miaka ya 1980 serikali ya Jean-Baptiste Bagaza iliyabana makanisa na wamisionari wengi wa kigeni waliondolewa, Wamarekani wakiwemo. Pamoja nao wakaenda watu waliokijua Kirundi kuliko wageni wengine wote. Kuanzia 1983 walikuja vijana wa Peace Corps, wakiwa na Kifaransa na Kirundi, na mpango wao ukakoma mwaka 1993, mwaka ambao Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba. Tarehe 14 Juni 1995 msafara wa balozi Robert Krueger ulishambuliwa kwa risasi mkoani Cibitoke. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani zikatuwekea vikwazo vilivyoondolewa Januari 1999. Petroli ikawa ya magendo, na lugha ya magendo katika ziwa hili haijawahi kuwa Kifaransa. Wamarekani wachache waliobaki mjini waliishi nyuma ya kuta zilizokuwa zikiongezwa matofali kila mwaka.

Amani iliporudi walirudi pia, na hapa ndipo safari ya kupitia darasa la Kifaransa ninayoitaja inapojirudia. Chuo Kikuu cha Hope Africa, cha Methodisti Huru, kilichoanzia Nairobi mwaka 2000, kilihamia Bujumbura miaka michache baadaye na kukaa Kamenge. Kufundisha wanafunzi wake wa udaktari katika hospitali ya Kibuye, lilikuja mwaka 2013 kundi la madaktari wa Kimarekani pamoja na watoto wao. Kabla ya hapo walikuwa wamefanya kazi katika hospitali ya Tenwek nchini Kenya. Kutoka Kenya hadi Gitega ni safari ya siku mbili kwa gari, na njiani Kiswahili hakikatiki. Wao walipitia Albertville, katika milima ya Ufaransa, wakasoma Kifaransa karibu mwaka mzima. Siwalaumu, wanafunzi wao huandika mitihani kwa Kifaransa na daktari hawezi kufundisha upasuaji kwa lugha ya kubahatisha. Wakafika Kibuye, wagonjwa wakawasemesha Kirundi, na darasa likaanza upya.

Huku nyuma sheria zilikuwa zimebadilika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa katika shule za msingi. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilikipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi kando ya Kirundi na Kifaransa. Kiswahili kikapewa somo shuleni, bila kiti ofisini. Mmarekani wa leo anaweza kumkuta kijana wa Mutanga akimjibu kwa Kiingereza cha darasani, na kwa hiyo haja yake ya Kifaransa imepungua kidogo, na haja ya Kiswahili haikuongezeka kama tulivyotumaini tulipokuwa tukiandaa mitaala.

Lakini kuna Mmarekani mwingine ambaye vitabu vya historia havijamzoea. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 na waliokuwa katika kambi za Tanzania, upande wa Kibondo, Kasulu na Ngara. Walizeekea huko, wakazaa huko, na watoto wao wakakulia katika Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha nje. Wakapelekwa katika miji ya Marekani, wakasoma Kiingereza jioni baada ya kazi, wakaapa, wakapewa pasipoti. Baadhi yao sasa wanakuja Bujumbura kwa miezi au kwa miaka: kununua kiwanja, kufungua duka, kuuguza mzazi, kuhubiri.

Mtu huyu ni Mmarekani anayeishi katika nchi ya Kifaransa, na Kifaransa hajui hata salamu. Ofisini anapewa fomu iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Karani anamwona Mrundi na kumsemesha kwa Kifaransa cha haraka, akitarajia kwamba mtu wa rika hilo mwenye viatu vile lazima awe amesoma. Yeye anajibu kwa Kiswahili cha Kigoma, laini, chenye samahani na naomba. Nimeona nyuso za makarani zikibadilika: wengine hudhani ni Mtanzania, wengine hudhani ni Mswahili kwa ile maana ya zamani, na bei ya huduma hupanda au kushuka kulingana na dhana hiyo. Anapoitoa pasipoti ya bluu wote hunyamaza kidogo. Kirundi chake ni cha mwaka 1972, kama alivyokipokea kwa wazazi, chenye maneno ambayo vijana wa Bwiza wameyasahau. Akifika Buyenzi, kwa fundi au kwa muuza vitambaa, ndipo mabega yake hushuka. Huko haulizwi alisoma wapi.

Baadhi yao wamekuja kutafuta masomo. Wanachohitaji wao wenyewe ni Kifaransa, na huwa tunawaelekeza kwa wenzetu wa jengo la pili. Wanaobaki kwetu ni watoto wao waliozaliwa Marekani, wanaoletwa likizo ya Juni hadi Agosti. Wanasema Kiingereza, wanasikia Kirundi, na Kiswahili cha bibi aliyetoka Kibondo wanakifuata vizuri mpaka bibi aanze mafumbo. Hao hatuna kitabu chao bado. Tunatumia kile cha wageni wa mwaka wa kwanza, chenye mtalii anayeuliza njia ya hotelini, na wao hutuuliza kwa nini hakuna sura ya kumwamkia nyanya.